Usichokikusanya Hakiibiwi

Kila nikikaa kwenye mjadala wa usalama mtandaoni, lawama humwangukia mtumiaji. Kwa nini alibonyeza kiungo? Kwa nini nywila yake ni mwaka wake wa kuzaliwa? Kwa nini alikubali masharti bila kuyasoma? Mimi ni mtengenezaji wa mifumo, nafanyia kazi Singida mjini, na msimamo wangu ni huu: mtumiaji anapofika kwenye kitufe cha "Nakubali", jambo kubwa limeshaamuliwa. Limeamuliwa na mtu aliyekaa na kompyuta akachagua mfumo uulize nini, uhifadhi wapi, na funguo zibaki kwa nani. Mtu huyo ni mimi na wenzangu. Wengi wetu hatuna nia mbaya. Tunaamua kwa kufuata fomu tulizozikuta, zana tulizozizoea na namna tunavyolipwa, na hapo ndipo faragha ya watu inapopotelea.

Chukua daftari la gesti. Singida ni mji wa njia panda: barabara inatoka Dodoma kupitia Manyoni, halafu moja inaelekea Nzega na Mwanza, nyingine Babati na Arusha, kwa hiyo nyumba za wageni hazikosi watu. Mapokezini kuna kauntabuku yenye jalada gumu, imepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina kamili, kabila, kazi, atokako, aendako, namba ya simu, chumba, sahihi. Ukiandika mstari wako, unasoma na ya waliokutangulia. Unajua nani kalala chumba namba sita, katoka wapi, na ukitaka kumpigia namba yake hiyo hapo.

Mwenye gesti akiamua kuachana na karatasi, hukuonyesha daftari hilo hilo. "Fundi, nataka hivi hivi, ila kwenye kompyuta." Unamuuliza, "Mama, kabila la mgeni litakusaidia nini?" Anajibu, "Daftari lilikuwa nalo." Mtengenezaji mwenye haraka hapo huacha kubishana. Kila safu ya daftari inageuka kuwa sehemu ya kujaza, kisha, kwa kuwa kompyuta haiishiwi upana kama karatasi, anaongeza na zake: namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, picha ya kitambulisho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho, zikianza na mwaka. Mfumo unaodai vyote viwili umeuliza jambo moja mara mbili. Ukiuona mfumo wa namna hiyo, jua aliyeuandika hakuwahi kujiuliza kwa nini anauliza.

Watu hudhani daftari na kanzidata ni kitu kile kile kwa sura mbili. Tofauti yake ni kubwa. Kumtafuta mtu mmoja kwenye kauntabuku za miaka mitatu ni kazi ya kutwa nzima, na anayetaka kuziiba lazima azibebe. Kanzidata ya gesti hiyo ni faili la megabaiti chache. Linanakiliwa kwenye flashi kwa sekunde kadhaa, la asili linabaki palepale, na hakuna anayegundua. Swali kama "mwenye namba hii amelala hapa mara ngapi, na siku hizo chumba cha pili alikuwepo nani?" linajibiwa kwa amri ya mstari mmoja. Hakuna taarifa mpya iliyoongezeka. Kilichoondoka ni ugumu wa kuunganisha vipande, na ugumu huo ndio uliokuwa ukiwalinda wageni miaka yote bila mtu kuupangia. Sisi tunauondoa, tunalipwa kwa kuuondoa, na mara nyingi hatuweki kitu badala yake.

Madhara yake kwa kiwango cha nchi tuliyaona kwenye programu za mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila kibali. Riba ilikuwa sehemu tu ya kilio cha wananchi. Kilichowauma zaidi ni kwamba mkopaji akichelewa kurejesha, shemeji yake, mwajiri wake, mwalimu wa mtoto wake na fundi bomba aliyemhifadhi kwenye simu miaka iliyopita, wote walipokea ujumbe wa kumtangaza kuwa ni mdaiwa sugu.

Kiufundi hakuna maajabu hapo. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, programu ikitaka kusoma majina yaliyomo kwenye simu lazima iombe ruhusa inapokuwa inatumika. Dirisha linatokea, na mtu anayehitaji shilingi 50,000 jioni hiyo anabonyeza "Ruhusu". Programu inasoma majina yote, inayafunga kwenye faili moja na kulipeleka kwenye seva, kabla huyo mkopaji hajamaliza kujaza kiasi anachotaka. Akizima ruhusa kesho yake, anazuia usomaji wa kesho. Wa jana umeshafanyika. Akiifuta programu, orodha haifutiki kule ilikokwenda. Msimbo wa kufanya haya yote ni mfupi, mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuuandika. Lakini kuna mtu aliuandika kweli, akaujaribu, akaona majina ya watu yanaingia kwenye seva, akakabidhi kazi na kulipwa.

Mkasa huu unavunja hoja ninayoisikia kila kijiwe, ya "mimi sina cha kuficha". Mkopaji aliyebonyeza "Ruhusu" huenda kweli hakuwa na cha kuficha. Aliyedhalilishwa na kusumbuliwa ni pamoja na yule shemeji ambaye hakukopa, hakupakua chochote, wala hakuulizwa. Simu yako imejaa taarifa za wengine, na ukitoa ruhusa unaitoa kwa niaba yao. Google ililiona hilo, na mwaka 2023 ikazikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake la Play kusoma majina na picha za watumiaji. Katazo hilo linaishia dukani. Programu inayokujia kama faili la APK kwa kiungo cha WhatsApp haikupita kwenye ukaguzi wa mtu yeyote, na ombi lake la kuruhusu "vyanzo visivyojulikana" latosha kuwa sababu ya kuiacha.

Kuna imani ya pili, kwamba usimbaji wa ujumbe umemaliza tatizo. "WhatsApp imefungwa, hakuna anayesoma." Ni kweli kwamba tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefungwa, na wenye simu mbili tu ndio wenye uwezo wa kuufungua. Ila huku kwetu taarifa haziibiwi njiani. Nenda steshenari yoyote iliyo karibu na stendi au karibu na ofisi za serikali, msimu wa maombi ya ajira au ya mikopo ya elimu ya juu. Kijana anatuma vyeti vyake kwenye simu ya duka. Mhudumu anavifungua kwenye kompyuta, vinashuka kwenye folda ya Downloads, vinachapwa, kijana anaondoka. Fungua folda hiyo ujionee: vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma, hati za viapo, ripoti za hospitali, faili juu ya faili, za watu ambao mhudumu hawakumbuki tena. Mwombaji asiye na barua pepe hufunguliwa palepale, na nywila anabuniwa na mhudumu. Ili asisahau, mhudumu huwapa wateja wote nywila moja. Kuanzia hapo akaunti ya maombi ya kazi na barua pepe inayopokea namba za uthibitisho ziko mikononi mwa duka. Usimbaji wa WhatsApp ulifanya kazi yake vizuri kabisa, na haukusaidia chochote.

VPN nayo imebebeshwa sifa isizo nazo. Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao kutoa taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na Mei 2025 mtandao wa X ulipoacha kufunguka nchini, neno hilo likawa la kila mtu. Sheria inasema nini juu ya VPN ni mjadala wa wanasheria. Upande wa ufundi ni mwepesi: VPN humzuia mtoa huduma wako wa intaneti kuona unakwenda wapi, na kumpa uwezo huo huo mwenye VPN. Hujaondoa macho, umebadilisha mwenye macho. Kama huduma ni ya bure na mwenyewe humjui, jiulize anapata wapi pesa za kulipia seva. Isitoshe, ukiingia na jina lako kwenye mtandao wa kijamii, umeshajitambulisha, na VPN haina la kufanya.

Hata alama za vidole haziwezi kubeba mzigo peke yake. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulifanya laini zisizosajiliwa zianze kuzimwa Januari 2020, na watu wakadhani utapeli umekwisha. Wakala asiye mwaminifu alihitaji sentensi moja tu: "Haijasoma, weka tena." Kidole cha pili kilisajili laini ya pili, kwa jina lako, ikaondoka na mtu mwingine. Ndiyo maana tunahimizwa kupiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Ni huduma nzuri, itumie leo. Ila tazama mzigo umemwangukia nani: mwenye kidole ndiye anayetakiwa kukumbuka kujikagua, ilhali kioo cha wakala ndicho kilichojua tangu mwanzo kwamba usajili wa kwanza ulikamilika.

Sasa nije kwenye meza yetu wenyewe, maana zana zetu zina tabia zake. Kompyuta nyingi za ofisi ndogo ninazoziona zinaendeshwa na Windows isiyolipiwa, iliyofunguliwa kwa programu ya kuchakachua. Hatua ya kwanza ya maelekezo ya programu hizo huwa ni kuzima kinga ya virusi. Mtu anahifadhi orodha ya wakopaji wa SACCOS kwenye mashine ambayo mlinzi wake alifukuzwa kazi siku ya kwanza. Linux na LibreOffice ni bure, na halali, na zinatosha kwa karani anayeandika barua na kujumlisha hesabu. Wazo lenyewe si geni nchini: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Tulichokosa ni mafundi wa kukaa na karani wiki mbili za mwanzo anapolalamika kwamba vitufe vimehama.

Tabia nyingine ni ya kubebabeba. Anayetengeneza programu ya simu ya kuuzia mafuta ya alizeti huanza kwa kuchukua vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na wengine: cha kuhesabu watumiaji, cha matangazo, cha kuripoti hitilafu. Kila kimoja kinapeleka kitu kwenye seva ya kampuni ambayo mnunuzi wa mafuta hajawahi kuisikia: aina ya simu, mahali ilipo, muda aliofungua. Mwenye duka hakuomba hayo na wala hatayasoma. Kisha kuna kumbukumbu za mfumo, yale mafaili tunayoyaandikisha ili kujua hitilafu ilitokea wapi. Nimekuta humo namba za simu, viwango vya malipo, hata nywila zikiwa wazi, katika mifumo ambayo kanzidata yake imefungwa vizuri. Na siku hizi tuna akili mnemba. Mtengenezaji akikwama na hesabu, hunakili jedwali zima la wateja, majina na madeni yao, akalibandika ChatGPT na kuomba msaada. Msaada anaupata. Lakini majina ya wateja hao yameshavuka bahari, na wenyewe hawana habari. Jedwali la majina ya kubuni lingetoa jibu lile lile.

Halafu kuna maonyesho. Unakwenda kwa mteja mpya kuuza mfumo wa duka la dawa. Mfumo mtupu hauvutii, kwa hiyo mtengenezaji hufungua nakala ya mteja wa zamani. Kwenye kioo yanatokea majina ya wagonjwa wa duka la mtaa wa pili na dawa walizonunua, mteja mpya anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ningekuwa mimi ni mteja huyo, ningesitisha mazungumzo papo hapo. Ninachokiona leo cha jirani, kesho jirani atakiona cha kwangu.

Jambo ambalo watu wa fani yangu hatupendi kulisema hadharani linahusu malipo. Mtengeneza mifumo wa mkoani ni fundi wa kila kitu: printa imegoma, anaitwa, mashine ya EFD inasumbua, anaitwa, simu ya bosi imejaa, anaitwa saa tatu usiku. Kazi ya mfumo anapewa kwa maneno, bila mkataba, kwa malipo ya mwanzo kidogo na ahadi ya "tukishavuna". Mavuno ya alizeti yanapita, ahadi inabaki. Basi naye hujifunza kujilinda. Anaacha programu ya kuingilia kompyuta ya mteja kutoka mbali, AnyDesk au nyingine, yenye nywila ya kudumu anayoijua yeye. Anajiwekea akaunti ya msimamizi isiyoonekana kwenye orodha. Asipolipwa, mfumo "unagoma" mpaka simu ipigwe. Ni kama fundi wa nyumba anayebaki na ufunguo wa mlango wa nyuma mpaka umalizie hela yake. Ninaielewa hasira hiyo. Lakini mlango ule unafungua kabati la wateja wasiomdai wala kudaiwa naye: wanachama wa SACCOS, wagonjwa, wageni wa gesti. Na deni likishalipwa, mlango huwa haufungwi. Unasahaulika, nywila inabaki ile ile aliyoitumia kwa wateja wengine watano. Kwa sababu hiyo naamini faragha haiwezi kutenganishwa na haki ya fundi kulipwa kwa wakati. Anayemdhulumu fundi wake amewaweka wateja wake rehani.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Misingi yake ni ile ile ninayoidai hapa: kusanya kwa lengo linalojulikana, usizidishe, usikae nazo kuliko zinavyohitajika. Wenye biashara ndogo huniambia hiyo ni sheria ya mabenki na kampuni za simu. Watazame jirani. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000. Wakati huo huo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Shule ililipishwa zaidi kuliko mkopeshaji. Wengine wanadhani cheti cha usajili wa Tume kikishatundikwa ukutani kazi imekwisha. Cheti hakifuti folda ya Downloads.

Dawa ninayoipendekeza haihitaji fedha nyingi. Kwa watengenezaji wenzangu: kila sehemu ya kujaza iwe na jibu la "ya nini?" lililoandikwa, na isiyo na jibu iondoke kabla ya mfumo kuanza. Kwa gesti, kama mamlaka zinadai jina na kitambulisho cha mgeni, chukua hivyo. Kabila halimsaidii mtu kufungua mlango wa chumba. Weka muda wa taarifa kujifuta zenyewe, na uuweke siku ya kwanza, maana hakuna mteja atakayekuita baadaye kukulipa ufute. Nywila za watumiaji zisihifadhiwe zikisomeka. Bcrypt na Argon2 zipo bure. Diski ya kompyuta ifungwe, ili mashine ikiibwa mwizi apate chuma tu. Maonyesho yafanyike kwa majina ya kubuni.

Kwa wenye ofisi: andikeni mkataba, hata wa kurasa mbili. Uwe na malipo kwa hatua na tarehe ya makabidhiano. Siku hiyo fundi akabidhi nywila zote, nanyi mzibadilishe akiwa ameketi hapo, programu ya kuingilia mbali iondolewe, na salio la mwisho litoke siku hiyo hiyo. Akihitajika tena, afunguliwe akiwa anafanya kazi na kufungiwa akimaliza. Wenye steshenari wapange siku ya kusafisha folda, ikiwezekana kila jioni, na mteja afundishwe kubuni nywila yake mwenyewe hata kama foleni ni ndefu.

Na kwa vyuo vyetu, pamoja na kampasi ya Singida ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania na vile vya VETA: mwanafunzi anayekwenda mafunzo kwa vitendo ofisini anakutana na taarifa halisi za watu halisi kuanzia siku ya kwanza. Afundishwe hilo kabla ya kufundishwa lugha ya tatu ya kuandikia programu. Tume ya TEHAMA nayo, kwa kuwa inasajili wataalamu wa fani hii, iweke makabidhiano safi kuwa sharti la maadili, ili fundi anayejiachia mlango wa nyuma ajue anahatarisha jina lake.

Najua pingamizi litakalokuja: wateja wanataka kila kitu, na ukikataa kazi inakwenda kwa mwingine. Si kweli kwa kadiri inavyodhaniwa. Mteja hutaka kila kitu kwa sababu hajaambiwa gharama yake. Mwambie kwamba kila picha ya kitambulisho atakayoihifadhi ni kitu atakachotakiwa kukilinda, kukitolea maelezo mbele ya Tume na kukilipia siku kikivuja, kisha muulize tena kama anakihitaji. Wengi hupunguza orodha wenyewe. Anayebaki aking'ang'ania kabila la mgeni, mwandikie bei ya ulinzi wa miaka yote atakayolitunza, iwe mstari wake peke yake kwenye ankara.